Wateja wa mwanzo wa huduma ya kufua makochi na mazulia: mwongozo kamili kwa mwenye bajeti ya shilingi 200,000

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inamfaa muuza maembe, kwa sababu embe zuri huonekana mezani na mpita njia hulinusa kabla hajauliza bei. Anayefua makochi, mazulia na magodoro majumbani hana bahati hiyo. Kazi yake nzuri kuliko zote imefungiwa sebuleni, nyuma ya geti na pazia, na jirani wa nyumba ya tatu anaweza kukaa mwaka mzima na zulia lenye madoa bila kujua kwamba hatua chache kutoka kwake kuna seti iliyofuliwa ikarudia rangi yake. Kujitangaza, kwa mtu wa kazi hii, maana yake ni kuitoa kazi hiyo sebuleni na kuifikisha machoni pa watu wa karibu kwa gharama ndogo, bila kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mtu anayeanza Dar es Salaam akiwa na mashine moja ya kuvuta maji machafu kutoka kwenye vitambaa, msaidizi mmoja, simu janja na shilingi 200,000 alizozitenga kwa ajili ya kujitangaza katika miezi mitatu ya mwanzo. Fundi wa viyoyozi, mpuliziaji wa dawa za wadudu au dobi anayefuata nguo nyumbani anaweza kufuata hatua hizihizi kwa kubadilisha mambo machache.

Hatua ya kwanza: chora eneo lako, kisha ukatae kulivuka

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kuandika kwenye tangazo kwamba unahudumia Dar es Salaam nzima. Jiji hili lina wilaya tano, na safari ya kutoka Segerea hadi Kigamboni ukiwa na mashine, ndoo na sabuni ndani ya bajaji au gari la kukodi inaweza kukumalizia asubuhi yote, achilia mbali tozo ya kuvuka Daraja la Nyerere kwa gari. Mteja mmoja wa mbali anakulipa sawa na mteja wa karibu, lakini anakula nauli na muda ambao ungefulia seti nyingine. Tena majirani wa huko hawana faida kwako hata wakikuulizia, kwa kuwa kila mmoja wao atakurudisha kwenye safari ileile.

Chukua karatasi na uandike mitaa unayoweza kuifikia kwa nusu saa ukitokea mahali unapohifadhi vifaa. Kama unaishi Tabata, orodha yako inaweza kuwa Tabata yenyewe, Segerea, Kinyerezi na sehemu ya Vingunguti. Kisha itembelee kwa miguu kwa siku mbili, asubuhi moja na jioni moja, na uangalie mambo matatu: ni mitaa ipi ina nyumba zenye makochi ya kitambaa na mazulia makubwa, ni wapi kuna nyumba za kupangisha ambako watu huhama mara kwa mara, na ni maduka gani, saluni zipi na vijiwe gani vya bodaboda ambavyo watu wa mtaa huvipitia kila siku. Mtaa wenye wapangaji wengi wanaohamahama una thamani kubwa kwako, kwa sababu mtu anayeingia nyumba mpya hutaka vyombo vyake viwe safi, na anayehama huanza kuona vumbi na madoa aliyokuwa ameyazoea.

Katika miezi mitatu ya mwanzo, anayepiga simu kutoka nje ya orodha hiyo mweleze kwa heshima kwamba bado hujafika kwao, uchukue namba yake na uiandike pembeni. Najua inauma kumkataa mtu mwenye pesa mkononi wakati huna kazi, lakini umbali umewamaliza wengi waliokuwa na kazi nzuri.

Hatua ya pili: bei inayoeleweka kabla ya swali la pili

Watu wa makochi huhesabu kwa siti. Panga bei ya siti moja, bei ya zulia kwa ukubwa wake, na bei ya godoro. Tuseme umeamua shilingi 8,000 kwa siti: seti ya siti 7 itakuwa shilingi 56,000, na mteja ataweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hajakupigia. Andika pia kilichomo ndani ya bei hiyo, yaani kuondoa vumbi, kusugua kwa sabuni, kuvuta maji machafu na kupangusa miguu ya kochi, na kisichomo, kama vile doa la wino au rangi iliyokaa miaka. Matangazo mengi ya huduma huandika «bei nafuu» au «njoo inbox», na mteja anayesoma hivyo hudhani kwamba bei itapangwa kwa kuangalia geti lake.

Usishushe bei sana ili upate watu haraka. Bei ya chini mno hukuletea mteja ambaye mwezi ujao atamfuata mwingine aliyeshusha zaidi, na inakunyima fedha ya kurudia kazi iliyokosewa. Kama unataka kuvutia, ongeza kitu kidogo chenye thamani kwa mteja kisichokugharimu sana, kwa mfano kumfulia mito minne ya kochi bila malipo.

Hatua ya tatu: kuaminiwa getini

Mteja wako anaruhusu watu asiowajua kuingia sebuleni, mara nyingi akiwa kazini na amemwachia nyumba dada wa kazi. Hofu yake ya kwanza ni usalama. Ubora wa sabuni unakuja baadaye sana. Kwa hiyo fedha ya mwanzo iende kwenye vitu vinavyoondoa hofu hiyo.

Sajili jina la biashara BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, upate namba ya mlipakodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato, na leseni kutoka halmashauri yako, kisha ujitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mjumbe. Mjumbe akikufahamu, mwenye nyumba anayeulizia habari zako atapata jibu. Chukua namba ya kupokelea malipo ya biashara kwenye mtandao wa simu unaoutumia, kwa sababu mteja anapolipa ataona jina la biashara kabla ya kuthibitisha, na jina hilo likilingana na lililoandikwa kwenye fulana yako, wasiwasi hupungua. Shonesha au chapisha fulana mbili kwa kila mfanyakazi, zenye jina na namba ya simu mgongoni kwa herufi kubwa. Fulana hiyo ndiyo bango lako la bei rahisi kuliko yote: inatembea mtaani, inasimama getini, inapanda bodaboda, na inasomwa na mtu anayekufuata nyuma.

Adabu nayo ni sehemu ya tangazo. Piga hodi, msubiri mwenyeji, msalimu kwa salamu inayomstahili (mama mtu mzima hapokelewi kwa «mambo»), vua viatu mlangoni, na kabla ya kugusa chochote omba mwenyeji aondoe simu, pesa na vito vilivyoachwa kwenye makochi. Mkikuta shilingi 500 chini ya mto wa kochi, mkabidhini mwenyeji papo hapo. Habari ya shilingi hiyo itasimuliwa mtaani kuliko habari ya madoa.

Hatua ya nne: kazi tano za mfano, zilizochaguliwa kwa makini

Sasa unahitaji kazi za kuonyesha. Watu wengi huanza kwa kuwafulia ndugu bure, na matokeo yake ni picha nzuri kutoka nyumba zilizotawanyika jiji zima. Chagua badala yake nyumba tano ndani ya orodha yako ya mitaa, kila moja katika mtaa wake, na kila moja iwe ya mtu anayetembelewa sana: mwalimu anayefundisha watoto wa jirani masomo ya jioni, mama mwenye kikoba kinachokutana sebuleni kwake, mwenye saluni yenye kochi la kusubiria, mzee wa kanisa au mtu wa msikitini ambaye nyumba yake haikosi wageni, na mwenye duka anayeishi nyuma ya duka lake.

Watoze nusu ya bei. Kazi ya bure haiheshimiwi, na anayeipata husita kuisifia kwa sababu anajisikia ana deni. Aliyelipa nusu, akiambiwa wazi kwamba nusu nyingine ni kwa ajili ya ruhusa ya kupiga picha na kutoa maoni yake ya kweli, anakuwa mteja kamili. Kochi la saluni lina nguvu ya pekee, kwani kila siku hukaliwa na wanawake wanaosubiri kwa saa nzima bila jambo la kufanya. Mwombe mwenye saluni akuruhusu kubandika stika ndogo kwenye kioo, iliyoandikwa kwamba kochi ulilokalia limefuliwa na fulani, pamoja na namba ya simu.

Kabla ya kumwaga maji popote, jaribu sabuni kwenye kona isiyoonekana, hasa kwa vitambaa vya velveti na mazulia ya rangi kali, kwa kuwa baadhi huchuja. Kochi moja lililochuja rangi katika kazi tano za mwanzo litafahamika mtaani haraka kuliko manne yaliyong'aa. Kuhusu kukauka, sema ukweli. Wakati wa kiangazi, kwenye sebule yenye upepo na feni, kochi hukauka ndani ya saa kadhaa. Wakati wa masika linaweza kulala na unyevu. Mteja aliyeambiwa mapema atapanga wageni wake. Ambaye hakuambiwa atakuita tapeli.

Hatua ya tano: picha na ruhusa

Piga picha kabla na baada ya kazi ukiwa umesimama mahali palepale, kwa mwanga uleule wa dirishani, bila kuipamba rangi kwa programu yoyote. Picha inayoshawishi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya ndoo ya maji machafu yaliyovutwa kutoka kwenye kochi lililoonekana safi, kwa kuwa inamfanya kila anayeitazama ageuke kuangalia kochi lake mwenyewe. Video ya sekunde 15 ya brashi ikipita na kuacha mstari msafi inafaa pia.

Picha isionyeshe sura ya mtu, picha za familia ukutani, namba ya nyumba wala televisheni kubwa iliyo kwenye kona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata bila sheria hiyo, kuionyesha sebule ya mtu hadharani bila idhini yake ni kumvunjia ustahi. Omba ruhusa kwa ujumbe wa maandishi ili ibaki kwenye simu, na akikataa usimbembeleze.

Hatua ya sita: WhatsApp kabla ya mitandao mingine

WhatsApp Business ni programu ya bure, nayo inatosha kabisa kwa miezi hii mitatu. Weka jina la biashara, mitaa unayohudumia, saa za kazi, na katalogi yenye bei za siti, zulia na godoro. Andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na uwawekee wateja lebo: aliyeuliza bei, aliyepanga siku, aliyehudumiwa, wa kukumbushwa.

Lipo jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawalijui, nalo linaharibu juhudi zao. Ujumbe unaoutuma kwa watu wengi kwa mpigo kupitia orodha ya kutangaza unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na stetasi yako nayo inahitaji mhifadhiane namba. Orodha moja ya kutangaza hubeba watu hadi 256, lakini kama 200 kati yao hawakukuhifadhi, unajisemea peke yako. Kwa hiyo, kabla hujaondoka kwa mteja, mwambie: «Naomba uihifadhi namba hii kwa jina la biashara, nitakapokutumia ujumbe wa kuulizia kazi uweze kunitambua.» Simama hapo mpaka aihifadhi. Ni sekunde 30 zenye thamani kuliko kadi 100.

Siku ya pili mtumie ujumbe mfupi: «Habari za leo, dada. Ni sisi tuliokufulia makochi jana. Naomba kujua kama yamekauka vizuri, na kama kuna doa lililobaki nije nilirudie bila malipo.» Usimwombe chochote katika ujumbe huo. Akijibu kwamba ameridhika, ndipo umwombe akutambulishe kwa jirani mmoja tu, kwa jina. Ukimwambia «niambie watu», atasahau. Ukimuuliza kama jirani yake wa upande wa pili ana zulia linalohitaji kufuliwa, atamfikiria mtu halisi.

Makundi ya WhatsApp ya mitaa na ya wazazi wa shule yana nguvu, ila usiingie na kutupa tangazo. Mwombe mteja aliye ndani ya kundi aandike maneno yake mwenyewe na kuambatisha picha, au mwombe msimamizi ruhusa kwanza.

Hatua ya saba: ramani ya Google

Jisajili kwenye Google kama biashara inayowafuata wateja walipo. Mfumo unakuruhusu kuficha anwani ya nyumbani kwako na kutaja maeneo unayohudumia. Tumia jina halisi la biashara bila kulirundikia maneno ya kutafutwa, kwani ni kinyume cha kanuni zao. Maoni ya wateja yaombe mara tu baada ya kazi, kwa kuwatumia kiungo. Usitoe punguzo wala zawadi kwa ajili ya maoni haya: Google inakataza, kwa hiyo wale watano wa nusu bei usiwaombe kuandika huku.

Hatua ya nane: watu wanaoingia nyumbani kabla yako

Hapa ndipo ningemwomba msomaji atumie muda mwingi kuliko kwenye mitandao. Kila mtaa una watu ambao kazi zao huwafikisha sebuleni au huwapa habari za nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote. Dalali wa nyumba anajua nani anahamia Jumamosi. Fundi seremala anayerekebisha makochi anajua kochi ambalo mbao zake ni nzima ila kitambaa kimechoka uchafu. Mshona mapazia amealikwa kwenye nyumba inayopambwa kwa ajili ya sherehe. Mlinzi wa nyumba za kupangisha anafahamiana na madada wote wa kazi wa jengo hilo. Mwenye duka la kona anauliziwa kila kitu, kuanzia fundi bomba hadi mganga.

Watembelee bila kubeba tangazo mkononi siku ya kwanza. Nunua kitu, zungumza, eleza unachofanya, uulize wateja wao hulalamikia nini. Mara ya pili weka makubaliano yaliyo wazi: kila mteja aliyetoka kwake, kazi ikikamilika na kulipwa, atapata kiasi fulani, tuseme shilingi 5,000, na atapata siku hiyohiyo kwa simu, bila kukumbusha. Kumcheleweshea dalali shilingi 5,000 yake kwa wiki mbili kutakufungia njia ambayo hakuna tangazo litakaloifungua. Andika kila deni la aina hii kwenye daftari.

Kwa fundi seremala na mshona mapazia, kupeana wateja kunaweza kutosha bila fedha: ukikuta kochi lililovunjika mguu, mpigie seremala ukiwa bado uko palepale kwa mteja. Naye atakukumbuka.

Vipeperushi viwe vichache, na uvitumie kwa namna moja tu: ukimaliza kazi, pita kwenye nyumba tano za kulia na tano za kushoto ukiwa na fulana yako na mashine ikiwa mlangoni kwa jirani, na useme kwamba mmetoka kufua kwa jirani na bado mna saa moja kabla ya kuondoka. Usitaje jina la jirani kama hajakubali. Kubandika karatasi kwenye nguzo za umeme na kuta za watu achana nako. Bango la kudumu barabarani lina ada na masharti. Ulizia halmashauri kwanza.

Hatua ya tisa: fuata kalenda ya watu

Watu hulipia huduma hii mishahara inapotoka, kwa hiyo tangaza zaidi kati ya tarehe 23 ya mwezi na tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani na wiki tatu kabla ya Krismasi ni wakati wa kujaza siku zako mapema kwa malipo ya awali. Januari ni ya ada za shule, na kulilia kazi mwezi huo kwa punguzo kubwa hakusaidii. Utumie kuwakumbusha wateja wa zamani na kutengeneza mashine. Miezi ya vumbi kuanzia Juni ni mizuri kwa mazulia.

Hatua ya kumi: fedha yenyewe, na tangazo la kulipia

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa zile shilingi 200,000 ni huu: 60,000 kwa fulana na vitambulisho vya shingoni, 50,000 kwa sabuni na nauli za kazi tano za mfano, 30,000 kwa stika na vipeperushi, 30,000 kwa bando, na 30,000 zibaki bila kuguswa mpaka mwezi wa tatu. Malipo ya wanaokuletea wateja yasitoke hapa; yatoke kwenye kazi yenyewe.

Zile 30,000 za mwisho ndizo za tangazo la kulipia la Facebook na Instagram, kwa sababu kufikia wakati huo utakuwa na picha, maoni ya wateja na bei iliyojaribiwa. Weka tangazo lionekane kwa watu walio ndani ya kilomita chache za eneo lako tu, liwapeleke moja kwa moja WhatsApp, na ulitoe kwa siku tano kuanzia tarehe 25. Usianze na tangazo la kulipia, hata marafiki wakikuhimiza. Fedha itakuletea maswali ya bei kutoka Bunju hadi Mbagala.

Hatua ya kumi na moja: daftari

Kila anayepiga simu aulizwe jambo moja, amekufahamu kupitia kwa nani, na jibu liandikwe mbele ya namba yake pamoja na mtaa, kazi aliyotaka na kiasi alicholipa. Mwisho wa mwezi piga hesabu. Tuseme tangazo la shilingi 30,000 lilileta simu 12 na kazi 2: kila mteja amekugharimu 15,000. Tuseme dalali na mwenye duka walileta kazi 6 kwa 5,000 kila moja: umetumia 30,000 ileile ukapata wateja mara tatu. Hesabu hiyo itakuamulia mwezi ujao fedha iende wapi. Angalia pia mitaa: ukiona mtaa mmoja umetoa kazi 9 na mwingine hakuna hata moja baada ya miezi miwili, uache huo wa pili na utafute mama mwingine wa kikoba katika ule wa kwanza.

Baada ya miezi sita, wateja wa mwanzo watakuwa wanahitaji kufuliwa tena. Watumie ujumbe mmoja mmoja ukitaja kochi lao na tarehe ya kazi iliyopita. Siku zako za wiki zikianza kujaa kwa wateja wa kurudia na waliotambulishwa nao, fungua ile orodha ya pembeni ya watu uliowakataa kwa umbali, tafuta mtaa unaojirudia zaidi humo, na uanze kuchagua nyumba tano za mfano huko.